Ugoro wa Wakashubi

Nichekeni leo mmalize kabisa, maana aibu hii Hounslow nzima, hapa London, washaijua, mmebaki nyinyi tu.

Kuna jamaa nafanya naye kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo, jina lake Marek, mtu wa Poland, lakini ukimwita hivyo hatosheki, atakwambia yeye Mkashubi, kwao Kashubia, kaskazini kule, na wana lugha yao na mila zao. Basi Jumapili moja akakodi ukumbi ili watoto wao waliozaliwa huku waijue asili yao, kwa sababu (kama wetu tu) ukiwasemesha lugha ya nyumbani wanakujibu Kiingereza. Akamleta na baba yake, mzee wa watu, kutoka huko huko kwao. Alikuwa na wasiwasi asije mtu, akaniambia, "Suleiman, njoo na familia, walau viti vijae."

Nikaenda na Mama Nasra na Nasra mwenyewe. Nyuma nafasi tele, lakini mimi nikang'ang'ania mbele kabisa, eti nione picha vizuri. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri: misitu, nyumba za mbao, maziwa (ya maji, si ya ng'ombe), vitambaa vilivyotariziwa maua ya buluu za kila namna. Watoto macho kwenye simu. Kisha mzee akasimama na pembe ya ng'ombe, Marek akaeleza kwamba ndani mna ugoro, na kwao mgeni hukaribishwa kwa huo, akikataa kawavunjia heshima. Na mgeni aliyekaa mbele nani? Miye! Mzee akanimiminia mgongoni mwa mkono.

Mama Nasra akaninong'oneza, "Baba Nasra, kidogo tu, hujauzoea."

Watu wote wananitazama, nikaona haya, nikavuta wote.

Lahaula! Chafya ya kwanza, sukari ya unga iliyokuwa juu ya keki mezani ikapaa yote ikamtua mzee kwenye masharubu. Ya pili, meno yangu ya bandia yakachomoka, yakaenda kukaa juu ya keki, katikati ya stroberi. Nikayarukia, mguu ukanasa waya wa projekta, picha ikazimika.

"Dad! Your teeth!" Nasra akapiga ukelele.

Nikamtazama Marek, uso umemwiva, nikajua nimeshamharibia. Nataka kuomba radhi, bila meno inatoka "fofi, fofi" tu.

Mzee akajifuta masharubu taratibu, akachukua kijiko cha keki, akayachota meno, akayafunga kwenye tishu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaufunua mdomo wake mbele yangu: hana hata jino moja! Akasema neno, Marek akacheka mpaka akashindwa kutafsiri.

"Baba anasema yake yalitumbukia ziwani, alivuta ugoro akiwa mtumbwini."

Hapo wale watoto wakaziacha simu, wakamzunguka babu wamuulize ni ziwa gani, na Marek akaiwasha tena projekta awaonyeshe.

Mimi nilikuwa chooni naosha meno. Na tangu siku ile, nikialikwa kwa mtu, nauliza kwanza: kinachokaribishiwa wageni huko kinapitia mdomoni au puani?