Gurudumu la Baba

Baba yangu, Hordiy, alikuwa fundi wa mikokoteni kijijini kwetu milimani. Kila mwaka, siku iliyo fupi kuliko zote, alizungushia gurudumu bovu majani makavu, akaliwasha na kuliachia literemke bondeni, ili Dazhbog, mungu wa jua wa mababu, apate nguvu za kupanda tena. Kesho yake alisimama mlangoni akilikagua jua kama kazi ya mikono yake. Mimi, msomaji wa Zaburi kanisani, nilimwambia ni upagani mtupu.

Alifariki wakati wa kuvuna viazi. Siku ile fupi ilipofika, mama aliniuliza, “Nani atalisukuma jua mwaka huu?”

“Mungu, mama.”

“Mungu ana kazi nyingi. Gurudumu liko bandani.”

Nilipanda kilima, nikaliwasha, nikalishika kwa mti uliopita katikati yake. Mikono ikakataa kuachia. Likaniburuta hadi kwenye samadi ya jirani yetu, Yavdokha.

“Baba yako alikuwa akiliachia, mwanangu,” alisema, akizima sharubu zangu kwa theluji.

Asubuhi nilisali, nikamshukuru Mungu kwa jua. Kisha nikasimama mlangoni, nikiwa na nusu ya sharubu, nikalikagua.