Maji ya Bi Miche

Mtaani walimwita Bi Miche, maana bustani nyingi za majirani zilianzia kwenye vikopo vyake. Aliotesha nyanya, bilinganya na mchicha nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa fundi bomba. Alilaza mabomba nusu ya mji, lakini bustani ya kwake aliinywesha maji ya kisima alichokichimba mwenyewe.

"Maji ya bomba yana saa za kazi," alikuwa akisema. "Yakichoka, yanakwenda zake nyumbani."

Kisima hicho ndicho kilichomuua. Alishuka kutoa tope, akashuka na pampu ya petroli, na moshi ukajaa kule chini. Bi Miche alikuwa karibu tu, anapunguza miche, na kila aliposikia mngurumo wa pampu alijua kazi inakwenda. Ilipozima, alimwita mumewe aje anywe chai. Akaita tena.

Walipomtoa, hakulia. Msibani hakulia. Wako waliosema ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe aliona ni kama mkono uliolaliwa: unaujua ni wako, ila ukiufinya huna habari.

Wageni walipotawanyika, alichukua ndoo na kamba akaenda kuteka. Wifi yake, dada wa marehemu, akamkuta hapo hapo.

"Wifi! Unateka maji humo?"

"Mboga zinanyauka."

"Kaka yangu kafia humo!"

"Najua. Nilikuwepo."

Wifi akaondoka na kanga yake mdomoni.

Baadaye akaja mama wa genge la mboga, mteja wake wa siku zote, akawa anazungukazunguka kwenye matuta bila kuchuma kitu. "Dada, usinielewe vibaya. Mimi sina neno. Ila watu wananiuliza mchicha huu umenyweshwa maji gani."

Bi Miche hakubishana. Mafundi waliofanya kazi na marehemu walikuja kumvutia bomba mpaka bustanini, ndiyo rambirambi yao. Maji yalitoka yakinuka dawa. Akawa anayajaza kwenye pipa na kuyaacha yalale mpaka harufu iishe, kisha anamwagilia upande wa nyanya. Upande wa bilinganya aliendelea na kisima, kwa sababu bomba halikutosha kote.

Moyoni alitazamia upande mmoja ukatae. Aliinama kila asubuhi akipindua majani, akitafuta doa, akitafuta hata funza. Pande zote mbili zilistawi sawasawa. Alichuma nyanya, akachuma bilinganya, akapika, akala. Hakusikia ladha ya hiki wala kile.

Kiangazi kilipokaza, bomba likaanza kukohoa hewa tupu. Wifi naye hakulijua hilo. Alikuja na mwashi na mifuko ya saruji, amekwisha kuamua.

"Leo tunalifunika hili shimo, yaishe."

Mwashi akapima mdomo wa kisima. Bi Miche akafungua bomba mbele yao. Likapiga chafya, likanyamaza.

"Fundi, funika," alisema. "Ila niachie nafasi ya kupitisha ndoo, na uweke kifuniko cha kufuli. Mtu asishuke tena humo."

"Utaendelea kuyatumia?" wifi akauliza.

"Wifi, kaka yako hakuuawa na maji." Alilisema kama mtu anayeomba kupishwa njia.

Wifi akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaangua kilio, kilio cha kugaagaa, mpaka mwashi akajitia kutafuta mwiko wake mbele ya nyumba. Bi Miche alisimama akimtazama. Alidhani na chake kitakuja sasa, kwa kuambukizwa tu. Alingoja. Hakikuja.

Akateka ndoo, akaiweka miguuni pa wifi yake.

"Inuka, mama. Nisaidie upande wa nyanya, nao umekauka."

Wifi aliyatazama yale maji. Kisha akapangusa uso, akajifunga kanga kiunoni, akainua ndoo.

"Nimwage wapi, juu ya majani?"

"Shinani," akasema Bi Miche. "Taratibu, yasichimbe."

Wakamwagilia mpaka mwisho wa tuta, kila mmoja upande wake. Mwashi akarudi na mwiko, akaanza kukoroga saruji.