Ukuta wa campus nilioujenga mahali mama alikuwa akiuza muthokoi

Niaje wakuu. Hii sijasimuliwa na mtu, mwiko wa kujengea nilishika mimi mwenyewe, kwa hivyo mnivumilie kidogo.

Mimi ni fundi wa mawe. Naishi Kawangware, lakini nimelelewa Soweto West, Kibera. Mama alitoka Kitui akiwa msichana, na riziki yake yote ilikuwa pengo kwenye fensi ya chuo kikuu kimoja cha umma. Jina sitaji.

Mama alikaa nje na jiko lake, wanafunzi wakasimama ndani, sahani zikapita hapo katikati. Muthokoi, wakuu! Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kipande cha parachichi juu. Mpaka leo nikikumbuka harufu ile machozi hunilenga.

Sheria yake ilikuwa moja. Ukichukua sahani, unaacha student ID kwenye mkebe wake. Ukirudisha sahani, unapewa ID yako.

Basi juzi serikali ikaanza kukarabati campus. Hostel mpya, lecture halls, na ukuta wa mawe kuzunguka kote. Nikapata kazi, nikafurahi sana, hadi foreman aliponionyesha sehemu yangu.

"Mutua, wewe ni hapo kwa shimo ya fensi. By Friday nataka imefungwa."

Na mama bado alikuwa anauza pale pale.

Nilijenga nikitokea pande zote mbili, nikiacha pale katikati. Nilishindwa kumwambia. Kumbe alikuwa ameiona kamba ya kupimia kitambo.

"Wewe funga tu," akaniambia. "Lakini nisisikie ati ukuta ya mtoto wangu imepinda."

Halafu akasema polepole, "Unajua huko ndani sijawahi fika?"

Hiyo iliniuma. Miaka yote amewalisha, na askari wa geti hawakumruhusu kuingia hata siku moja.

Nikamwomba foreman amwache aingie. Huyu jamaa ana kelele za kuudhi, lakini siku hiyo alivua helmet yake akampa mama. "Mathe, pitia hapo hapo. Usikawie."

Tukatembea. Tukapita library, tukapita uwanja, hadi kwa zile hostel za zamani zinazokarabatiwa. Mama akageuka kutazama tulikotoka. Fensi haikuonekana hata.

"Kumbe walikuwa wanatoka huku kote kuja kula kwangu."

Akalia. Nikalia pia, na sioni haya kusema.

Alitoka kwa pengo lile lile, akasimama nje akiniangalia hadi jiwe la mwisho. Ukuta umenyooka, mtu asiniambie kitu.

Nilichojifunza ni kwamba usingoje mambo yafungwe ndipo umwonyeshe mzazi wako kazi aliyofanya. Mimi nilikaribia kuchelewa.

Siku hizi mama anapikia Kawangware, nje ya nyumba yangu. Kwenye mkebe bado kuna ID mbili. Kama moja ni yako, comment hapa chini, uje uichukue.

Mama amesema usije bila sahani yake.