Matawi ya Mtiki Kabla ya Kibao

Dereva akifika hapa, ataelewa? Swali hilo lilininyima usingizi juzi. Shati langu la kazini lilining'inia mlangoni likinuka lami, na kila nilipofumba macho harufu ile ilinirudisha kwenye pikapu ya Mjomba. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, tukitoka Kidatu kumkimbiza mama hospitali Ifakara.

Barabara ilikuwa inajengwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi ulinuka kama chungu kibichi. Mama alikuwa na uchungu wa kujifungua. Kila maumivu yalipopanda, alinibana vidole. Mbele tukaona kibao cha njano chenye mistari miwili iliyosimama, wa kushoto umekatwa kwa kipande chekundu.

"Wametuchorea uma uliong'oka jino," Mjomba alisema. "Labda mbele kuna hoteli."

"Kaka, usinichekeshe," mama alisema, akilia na kucheka. "Nenda tu."

Mjomba alishika kushoto kama alivyozoea, na kushoto ndiko barabara ilikoishia. Pikapu ilizama hadi ekseli. Alisukuma, akaomba Mungu, akapiga bodi ngumi. Nyuma yetu lori lilifuata njia ileile, likanasa nalo, nusura litugonge. Dereva wake akashuka amefura.

"Mzee, hukuona kibao?"

"Wewe ulikiona?"

Akatazama magurudumu yake topeni. Utingo wake alichukua panga. Alikata matawi ya mtiki, akarudi nyuma kabisa, akayatandaza barabarani kabla ya kibao. Gari lililofuata lilipunguza mwendo, likahamia kulia. Ndilo lililombeba mama.

Mama alipona. Mdogo wangu hakuwahi kulia.

Nyumbani ikasemwa kwamba Mjomba hajui alama. Aliuza pikapu, na kwenye sherehe alikaa karibu na mlango. Nami niliamini hivyo, hadi nilipokikuta kibao kile kitabuni, chuoni: njia ya kushoto imefungwa, hamia kulia. Kile cha barabarani kilikuwa kimechorwa sawasawa kabisa. Ila hakuna aliyekuwa amewaeleza madereva wa bonde letu maana yake. Majani barabarani waliyaelewa wote: mbele kuna jambo, punguza.

Sasa nimepata kazi ya muda kwenye matengenezo ya barabara, Lumemo, na vibao ni jukumu langu. Nilipopendekeza tuongeze matawi, msimamizi alicheka. "Digrii yote hiyo, dogo, uje kututandikia majani?" Nikakesha nikijiuliza: je, ni uhandisi huu, au ni msiba wetu tu unaoniendesha? Na wakinifukuza? Na mgonjwa akipita kesho?

Kulipopambazuka nilichukua panga. Niliyatandaza matawi mabichi mbali kabla ya kibao. Lori la kwanza kutoka Mlimba lilipunguza mwendo, likahamia kulia, likapita.

Nikampigia Mjomba simu. Nilimwamkia, kisha nikamwambia halikuwa kosa lake.