Mama Mifugo Asiyekuwa na Mbwa

Saa moja asubuhi, uwanja wa shule huko Mollo bado umelowa umande, na upepo wa mwezi wa saba unapenya hadi kwenye mifupa. Winifrida Sikazwe anashusha boksi la chanjo kutoka kwenye pikipiki, anafungua kiti cha kukunja na kupuliza viganja vyake.

Mbwa wamefika kabla yake. Wengine wamefungwa kwa katani, wengine kwa kamba za ng'ombe. Mmoja ameletwa kwa mkanda wa suruali, na mwenye mkanda anaishikilia suruali yake kwa mkono mwingine.

"Mshike nyuma ya masikio, baba, si mkiani," Winifrida anamwambia. "Ukimshika mkia atageuka kukuuliza unataka nini."

Foleni nzima inaangua kicheko. Kabla kicheko hakijaisha, sindano imeshaingia na kutoka, na mbwa anaendelea kunusa buti la Winifrida.

Winifrida ana miaka 46 na ni afisa mifugo. Wananchi wanamwita Mama Mifugo. Hii ni siku ya tano ya kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na daftari lake linaonyesha mbwa 388 na paka 41. Mafuta anayopewa huisha siku ya tatu. Baada ya hapo anajaza tangi mwenyewe au anatembea kwa miguu.

"Kutembea si tatizo," anasema. "Tatizo ni wale wasiokuja. Mwindaji anakwambia mbwa akichanjwa anapoteza pua. Mwingine anasema wa kwangu halali nje, atapata wapi kichaa? Mimi hilo la pili ndilo linaloniuma."

Anakatisha maneno na kuita anayefuata.

Anayefuata ni Rozina, mama wa makamo mwenye kikapu kilichofunikwa kitenge. Ndani yake kuna paka mweupe mwenye hasira za kutosha paka watatu. Rozina anasema walikuwa wawili, ila mwenzake alipata mafua, akamsagia nusu kidonge cha panado kwenye maziwa. Hakufika kesho yake.

"Nilimpa kwa mapenzi, daktari."

"Najua, mama. Panado ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, usimpake paka hata kama ana viroboto wa kujaza debe. Akiumwa, nipigie kwanza. Namba yangu ipo hapo kwenye kadi."

Hamgombezi. Wenzake wanasema Winifrida ni mkali kwa watu wazembe, lakini kwa mtu aliyemuua mnyama wake kwa kukosea, sauti yake hushuka. Sababu anayo, na haikai mbali.

Winifrida mwenyewe hana mbwa. Anaishi peke yake mjini Sumbawanga, kwenye nyumba yenye uwanja mpana na geti la bati. Anapofungua geti jioni, mguu wake wa kulia hutangulia kuziba upenyo, kumzuia mbwa asichomoke, kama alivyozoea kwenye nyumba ya zamani. Hakuna wa kuchomoka. Miaka tisa sasa, na mguu haujajifunza.

"Najicheka," anasema. "Halafu nikiingia ndani sicheki tena."

Mbwa huyo aliitwa Posta, kwa sababu Winifrida alimwokota akiwa kitoto cha kutosha kiganjani, nyuma ya jengo la posta. Wakati huo alikuwa amepangiwa kazi Muze, chini bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, ambako joto lilimchosha na watu hakuwajua bado. Posta alimfuata kila boma na kila zizi. Wenyeji walikuwa wakimwona mbwa wanajua Mama Mifugo yuko nyuma.

"Alinitambulisha kwa watu," anasema Winifrida. "Wengi walijua jina lake kabla ya langu."

Mwaka huo kampeni ya chanjo ilipoanza, Posta alikuwa na miezi kumi na moja na hakuwa amechanjwa. Winifrida hakuona haraka. Mbwa yuko naye kutwa, atamchanja mwisho, watu wa mbali wahudumiwe kwanza. Siku ya mwisho, jua likielekea kuzama, ilibaki dozi moja kwenye chupa ya mwisho. Alikuwa ameshamwita Posta akae.

Hapo akatokea mkulima wa mpunga, mzee Kasmir, amemshika mbwa jike mwekundu. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, viatu mkononi.

Winifrida alimchanja yule mwekundu. Chanjo nyingine ingefika baada ya mwezi, na mwezi ni kitu gani?

Wiki ya pili mbwa asiyejulikana aliingia uani akimwaga mate na kumuuma Posta shingoni. Winifrida, ambaye kila siku huwaambia watu kwamba mbwa asiyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa asiachwe hai, safari hii alijidanganya. Alimfunga mnyororo, akafunga geti kwa kufuli, akamlisha kwa kusukuma sahani kwa mti. Yeye mwenyewe alikwenda kuchomwa sindano za kujikinga na kichaa.

Siku ya kumi na tisa Posta aliacha kunywa maji.

"Alinitazama kama mtu asiyenijua," anasema. Anajikaza kisabuni, kisha anashindwa na kufuta macho kwa mkono wa koti. "Nilimpigia mwenzangu wa kazini, Oswaldi, aje amchome sindano ya mwisho. Mimi nilikaa nje ya geti. Namkumbuka mbwa yule kila siku ya Mungu. Namtaka mpaka leo."

Tangu hapo amekataa kila mtoto wa mbwa. Mara tatu mzee Kasmir alimtumia ujumbe kwamba yule mwekundu amezaa, achague anayemtaka. Mara tatu alijibu kwamba hana nafasi. Hakuwahi kumweleza mzee ile dozi ilikuwa ya nani. Aliona ni kumtwisha mzigo usio wake.

Saa tano, foleni ikiwa imepungua, mzee Kasmir mwenyewe anaingia uwanjani taratibu, mkongojo mkono mmoja, mwingine ukiwa ndani ya koti. Ameacha mashamba ya bondeni miaka miwili iliyopita na sasa anaishi hapa Mollo kwa binti yake, Bertilla, ambaye yuko nyuma yake na mbwa wawili wa kuchanjwa.

"Shikamoo, baba," anaamkia Winifrida.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu."

Koti linafunguka. Ni mtoto wa mbwa, mwekundu, mguu mmoja mweupe, mjukuu wa yule jike aliyetembea kutwa nzima. Anapiga miayo.

"Baba, nilishakwambia sina nafasi."

"Uliniambia. Sikukuamini." Mzee anaketi kwenye kiti cha kukunja bila kukaribishwa. "Siku ile Muze, ulikuwa umemkalisha mbwa wako na sindano iko mkononi. Mimi ni mkulima, si kipofu. Niliona ukimtazama yeye, ukanitazama mimi. Baadaye nikasikia kilichompata. Yule wangu aliishi miaka saba akilinda mpunga wangu. Kila akizaa nakuita. Unafikiri nilikuwa nagawa mbwa tu?"

Bertilla anatazama pembeni. Winifrida anampokea mtoto yule, anamkagua ufizi, tumbo, masikio, kama anavyomkagua mbwa wa mtu yeyote.

"Kazaliwa lini?"

"Tarehe sita mwezi wa sita."

"Basi hajafikia umri wa chanjo. Leo nampa dawa ya minyoo tu."

Anachukua kadi mpya na kuiweka juu ya boksi. Kwa miaka tisa ameandika maelfu ya kadi za namna hiyo. Kwenye mstari wa mwenye mbwa anaandika jina lake mwenyewe, polepole, kisha anausoma mstari ule mara mbili. Mstari wa jina la mbwa anauacha wazi.

"Utamwita nani?" anauliza Bertilla.

"Jina litangoja. Chanjo haitangoja." Anamtia mtoto ndani ya koti na kufunga zipu hadi shingoni, kichwa chekundu kikitokeza chini ya kidevu chake. "Anatimiza miezi mitatu tarehe sita mwezi wa tisa. Chupa moja ina dozi kumi. Nitapita mtaani kwangu kukusanya watoto wa mbwa wengine tisa, ili dawa isipotee. Lakini nikishaifungua tu, naanza na huyu."