Gia Nzito Haipimwi kwa Kilo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitundika giaboksi kwenye mizani ya pweza, pale soko la samaki Bagamoyo, na watu wakaacha kununua wakaja kunitazama mimi. Siku hiyo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Usicheke. Jana ulinijia na simu yako, ukanionyesha picha za giaboksi mbili, ukasema, "Bibi, chagua, ipi inalifaa gari langu la rali?" Tena ukataka nikujibu kwa neno moja, maana una haraka. Neno moja! Mimi neno moja liliwahi kunila miezi minane, na miezi yenyewe haikuwa yangu. Kaa hapo, mimina chai, nikusimulie.

Baba yangu alikuwa mtu wa Miono. Katika ujana wake mbio za magari zilipita kule, naye akasimama kilimani, kabla hujaingia kijijini, akaona gari jekundu lenye namba kumi na mbili nyeupe ubavuni likipanda, vumbi likitimka hadi juu ya mikorosho. Liliwapita kwa muda wa kupiga chafya mbili, lakini yeye alilihadithia maisha yake yote. Sisi wanawe tuliijua hadithi ile kama Alhamdu. "Lilikuwa linalia," atasema, "wala si injini. Gia zenyewe zilikuwa zinalia."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomwuliza gia inaliaje. Hakujua. Basi nikamwendea Mzee Kondo, fundi jirani yetu, nikamwuliza yeye. Akaniambia nisikilize gari lolote likirudi rivasi: si linalia? Ni kwa sababu meno ya gia ya rivasi yamenyooka, na hayo ya kwenda mbele yamekatwa mshazari ndiyo maana yametulia. Magari ya mbio, akasema, meno yake yote yamenyooka. Loo, nilifurahi kama niliyepewa siri ya serikali! Nikauliza na jingine, na jingine, mpaka akanipa spana ili ninyamaze. Ndivyo nilivyoingia gereji. Majirani wakamsema mama, "Mtoto wa kike na grisi, ataolewa na nani?" Mama akawajibu, "Ataolewa na mwenye gari bovu." Na kweli, babu yako nilimpata hivyo hivyo, Mungu amrehemu.

Nilipofika miaka ishirini na minne, baba akaanza kujigonga kwenye milango. Daktari akasema ni presha ya macho. Yaliyokwisha potea hayatarudi, na yaliyobaki yataendelea kufifia. Baba alikuwa akiona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mimi nikajiapiza: nitamjengea gari lile. Sikutaka kushindana na mtu, mwanangu, wala kikombe sikukitaka. Nilitaka baba aone wekundu ule ukipanda kilima cha Miono mara moja tu, kabla tundu halijazibwa.

Bodi niliipata Lugoba, nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wametaga ndani. Ilikuwa ya aina ile ile ya gari la hadithi. Injini nikaifungua na kuifunga mwenyewe. Ikabaki giaboksi, kwa sababu iliyokuwamo ilikuwa imekufa zamani. Wakati huo Mzee Kondo alikuwa anafunga safari kwenda Tanga kumuuguza mama yake. Akasimama pale gereji, begi begani, akaniambia, "Mwajuma, injini yako ni ndogo na kilima cha Miono unakijua. Usihangaike na gia za kulia, hizo hutazipata hapa. Tafuta giaboksi yenye gia nzito. Umeelewa?"

Sikuelewa. Tazama, nilikuwa fundi wa kufungua na kufunga, lakini kuendesha sijawahi kwenda mbali zaidi ya uwanja wa gereji. Neno lile ni la madereva wa milimani, na Bagamoyo yetu ni tambarare kama mkeka. Ningemwuliza, "Mzee, nzito vipi?" yangekwisha. Lakini walikuwapo vijana wawili wa kiume, mafundi wenzangu, wanasikiliza, na nikajua wakisikia swali langu watalicheka mpaka Idi. Nikasema, "Naam, Mzee, nimeelewa." Naam ile, mwanangu, mpaka leo inanichoma.

Kwa muuza spea chakavu nikakuta giaboksi mbili. Moja ndogo, ya aluminiamu nyepesi, imetoka kwenye pikapu ya shamba. Nyingine kubwa, ya chuma cha kusubu, imetoka kwenye gari refu la kifahari. Mimi nikawaza: nzito si nzito? Nikazinunua zote, nikazipakia kwenye mkokoteni mpaka soko la samaki, kwa Shomari muuza pweza, aliyekuwa na mizani ya kutundika.

"Dada Mwajuma," akaniuliza, "huyu samaki gani, hana mapezi wala macho?"

"Pima, Shomari, acha maneno."

Ile ndogo ilipotundikwa mshale ukafika katikati. Ile kubwa ukagonga mwisho, na ndoano ikalia. Watu wakapiga makofi. Nami nikatembea nyuma ya mkokoteni kichwa juu, kana kwamba nimemvua papa.

Ile kubwa haikuenea garini. Ilibidi nikate sakafu ya gari, nichomelee vishikio vipya, nifupishe shafti, kisha nigundue nimefupisha mno, nitafute nyingine. Ukiona vyaelea vimeundwa, wamesema wahenga, nami niliunda kwelikweli. Kila Ijumaa akitoka msikitini baba alipita gereji, akipapasa ukuta, akaniuliza, "Bado?" Nikajibu, "Karibu, baba." Aliliona gari likiwa la kijivu, maana rangi huja mwisho, kazi zote za kugongagonga zikiisha. Aliniomba nipake mlango mmoja tu aone. Nikamwambia asubiri, alione lote kwa pamoja. Nilitaka lipendeze. Ujinga wa ujana una mengi, na huo wangu ulikuwa mzuri usoni.

Miezi sita ikapita hivyo. Mzee Kondo akarudi, tukalipeleka kilimani kulijaribu, yeye kwenye usukani. Kwenye lami lilikwenda raha mustarehe. Kilima kilipoanza, injini ikakohoa. Akaweka namba moja. Gari likatetemeka, klachi ikanuka, likazima. Akajaribu tena, likazima tena. Akashuka, akalala kifudifudi vumbini na mvi zake zile, akachungulia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipoinuka akaniuliza boksi lile nimelichagua vipi, nami nikamwambia habari za Shomari na mizani.

Hakucheka. Laiti angecheka! Akasema taratibu, "Binti yangu, gia nzito ni ile inayovuta polepole kwa nguvu. Kilo zinahusu nini? Hilo boksi lako ni zito kwa mchukuzi, gia zake ni nyepesi, za gari la kutembelea lami."

Tuliporudi akaitoa ile ndogo stoo nilikoitupa, akaingiza namba moja, akanambia nizungushe mhimili wake wa mbele, ule unaoshikana na injini, kwa mkono nihesabu, huku yeye akitazama wa nyuma. Nikazungusha karibu mara nne ndipo wa nyuma ukamaliza mzunguko mmoja. Baadaye, tulipoishusha ile kubwa, mara tatu hazikufika. Basi! Hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Ndipo akaniambia neno ambalo ndilo nililokuitia. "Ulipokuwa mtoto uliniuliza hata jua hulala wapi. Umekuwa fundi, ndiyo umekuwa bubu?"

Kurekebisha sakafu niliyoikata na kufunga boksi ndogo kukachukua miezi miwili. Katika miezi hiyo, asubuhi moja, baba alinyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, akakikosa, akakitafuta tena. Mama akamwekea mkononi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku, nikafuta uso, nikaenda kupaka rangi.

Siku gari lilipokwisha nilimpeleka Miono, usukani nimeshika mwenyewe, maana katika miezi ile miwili Mzee Kondo alinifundisha kuendesha. Kabla hajapanda akasema ngoja. Akaweka kiganja kwenye mlango, akafuata kingo za rangi kwa kidole, polepole, chini, juu, akarudi tena. "Kumi na mbili," akasema. Kisha akauliza, "Nyekundu ile ile?"

"Ile ile, baba."

Kilima kilipoanza aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika gia, na hakuutoa. Nikashusha namba mbili, gari likavuta, halikukohoa hata mara moja, likapanda vumbi likitimka hadi juu ya mikorosho. Sijui alikuwa anatazama nini. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, akasema, "Hiyo hiyo, mwanangu. Gia namba mbili, kama lile. Hapa ndipo nilipokuwa nimesimama." Watu husema nilimpa zawadi kubwa. Ni kweli. Lakini nilimnyima kubwa kuliko hiyo, wekundu wenyewe, kwa sababu niliona haya mbele ya vijana wawili ambao leo hata majina yao nimeyasahau.

Basi sikia jibu la swali lako. Picha ya simu haisemi gia. Nenda na mikono yako, ingiza namba moja, zungusha mbele, hesabu mpaka nyuma umalize mzunguko mmoja. Kama unapanda vilima na injini yako ni ndogo, chukua inayotaka kuzungushwa mara nyingi, hata ikiwa nyepesi kama kikapu. Hilo ni la gari. La maisha ni hili: asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na "naam" ya uongo ni deni, aghalabu hulipwa na mtu mwingine. Mtu akikwambia neno, hata liwe dogo namna gani, usipolifahamu mwulize hapo hapo, wacheke wanaocheka. Kicheko cha watu hakifiki hata adhana ya Magharibi. Na kama kuna mtu anasubiri kuona rangi, mpakie mlango mmoja leo.

Nami kwa kuwa nimejifunza, nakuuliza, maana hukuniambia: gari hili unamtengenezea nani? Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye kujua na ulimi usioona haya, akuvushe kila kilima bila kukohoa, na huyo unayemjengea amjaalie macho mpaka rangi ikauke.