Alichosema Nevena Akimenya Pilipili

Zdravka Mineva alianza kuandika riwaya akiwa na miaka hamsini na minane, kiwanda cha nguo kilipofungwa na mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua matundu ya vifungo. Alipokosa matundu ya kukagua, alikaa mezani jikoni na karatasi za kukatia mitindo alizookota kiwandani, akaandika nyuma yake kwa penseli.

Aliandika asubuhi, akishawasha jiko la kuni na kabla mtu hajamsemesha. Kurasa tatu, hazizidi. Kisha alizisoma kwa sauti, na sentensi iliyompendeza mno aliikata. Mshono unaovuta macho, alisema, ni mshono mbovu.

Riwaya yake ya kwanza ilizaliwa na maneno yasiyo yake. Vuli moja yeye na mdogo wake Nevena walikuwa uani wakimenya pilipili hoho zilizotoka motoni, mikono imewaiva wekundu. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa mbao tu. Nevena hakuolewa. Zamani mchumba wake, Todor, alikwenda Libya kwenye kazi za ujenzi, akapotelea huko huko. Siku hiyo Nevena akasema bila kuinua kichwa:

"Dada, unajua barua zake zilipokatika nilikuwa najiandikia mwenyewe? Nakwenda mjini, naitia posta, narudi kuingoja. Sikutaka mleta barua anionee huruma."

Zdravka akachukua pilipili nyingine, akaendelea kumenya. Kesho yake asubuhi akaanza kuiandika riwaya ile.

Miaka miwili baadaye kitabu kikatoka. Alikuwa amembadilisha yule mwanamke jina na rangi ya nywele, akamhamishia mji mwingine. Barua hakuzigusa, zilibaki vile vile. Kijiji chao kina watu sitini, na kitabu kilijulikana hata kwa wasiosoma kitu. Dukani, Gencho muuza mkate akamchokoza Nevena mbele za watu:

"Vipi, bibie, leo umejiandikia nini? Todor hajambo?"

Watu wakacheka. Nevena akauacha mkate juu ya meza, akatoka. Alimkuta dada yake akipalilia nyanya.

"Ungeniomba, ningekunyima," alimwambia juu ya ua. "Ndiyo maana hukuniomba."

Baada ya hapo hawakusemezana miaka tisa.

Aprili mwaka huu jumba la kusomea la mjini lilimwalika Zdravka azungumze na watu wanaotaka kuandika. Walikuja saba. Aliwaambia waandike kila siku hata kama ni upuuzi, wasikae kungoja kushukiwa na maono, na wawasikilize watu mikono yao ikiwa na kazi, maana hapo ndipo mtu husema kweli. Muuguzi mmoja, Ralitsa, akainua mkono.

"Shangazi Zdravka, nataka kuandika habari za mama yangu. Yu hai. Nimwombe ruhusa?"

"Ukimwomba atakataa."

"Kwa hiyo nisimwombe?"

Zdravka aliisukuma kando glasi ya maji aliyosogezewa na mwenyeji.

"Mimi sikuomba," akasema. "Kitabu kilitoka kizuri, na ukiniambia leo nikichome moto, sikichomi. Lakini tangu siku ile nala peke yangu. Kila ikifika sikukuu ya mtakatifu wa jina la mdogo wangu napika mkate wa jibini, na wanaoula ni kuku. Sasa pima mwenyewe, mwanangu. Usije ukasema hukuambiwa."

Njia nzima ndani ya basi alikuwa akiyarudia moyoni maneno yake mwenyewe. Alipofika alipita kwake, akachukua mswada wake mpya, habari za mfuga nyuki mzee, akaenda kugonga lango la Nevena.

Nevena alifungua nusu. Kila siku Zdravka alimwona kupitia nyufa za ua, lakini mpaka walipokutana uso kwa uso hakujua kuwa amezeeka hivi.

"Nini?"

"Nimeandika kingine. Hakijachapwa. Nilitaka ukisikie wewe kwanza."

"Mimi nimo?"

"Hapana, wewe humo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Naapa kaburi la mama."

Nevena aliutazama ule mzigo wa karatasi. "Basi umeniletea ya nini?"

"Sina mwingine wa kumsomea."

"Ungeyafikiria hayo mapema, dada." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Akafunga lango taratibu.

Tangu hapo husalimiana juu ya ua. "Umeamkaje?" "Salama." Basi, kila mtu kwake. Meza moja hawajakaa.

Juni Ralitsa alimpigia simu. Alikuwa amemwomba mama yake, mama amekataa, naye ameacha kuandika.

"Umenisaidia, shangazi," alisema. "Jumapili tulikwenda wote kuchuma cheri."

"Vizuri," akajibu Zdravka, na simu ilipokatika alibaki ameishika, akikifikiria kile kitabu cha Ralitsa ambacho hakuna atakayekisoma.